Kukagua Kazi za Darasani kwa Kipimo cha Mtaala katika Sekondari Msingi

Kazi ya darasani ni chochote ambacho mwalimu huwapa wanafunzi wafanye ili wajifunze, au ili yeye aone wamejifunza nini: swali moja ubaoni, zoezi la kitabuni, jaribio la sayansi, insha, mjadala wa kikundi au mradi wa wiki tatu. Katika Sekondari Msingi nchini Kenya, yaani gredi ya 7, ya 8 na ya 9, hati ya kwanza ya kuipimia kazi hiyo ni muundo wa mtaala wa somo husika, unaotolewa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala Kenya (KICD). Humo kila mada imegawanywa katika mada ndogo, na kila mada ndogo ina matokeo maalum yanayotarajiwa, shughuli za ujifunzaji zilizopendekezwa, maswali dadisi, umilisi wa kimsingi, maadili, masuala mtambuko na vigezo vya kutathmini. Ukaguzi wa kazi unaanza na swali moja: mwanafunzi akiifanya kazi hii mwenyewe hadi mwisho, je, atakuwa amefanya kile hasa ambacho matokeo yanataka aweze kukifanya?

Swali hili lina uzito zaidi tangu gredi ya 7 ya kwanza ilipoanza mwaka 2023. Tathmini ya kitaifa ya mwisho wa gredi ya 9 (KJSEA), iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, hutoa asilimia 60 ya matokeo ya mwanafunzi. Asilimia 20 hutoka kwenye tathmini ya gredi ya 6, na asilimia 20 nyingine kwenye tathmini za shuleni za gredi ya 7 na ya 8. Kwa hiyo kazi dhaifu humwumiza mwanafunzi mara mbili: inampotezea kipindi, kisha inamnyima mazoezi ya kile atakachopimwa nacho. Ugumu huzidi pale mwalimu mmoja anapobeba masomo manne, mengine hakuyasomea chuoni. Mwalimu huyo hushika kitabu cha mwanafunzi na kukifuata ukurasa kwa ukurasa, na hapo ndipo kitabu kinapogeuka kuwa mtaala. Kitabu kilichoidhinishwa ni msaada mkubwa, lakini kina mazoezi mazuri na mazoezi ya kujazia ukurasa. Ni mwalimu tu awezaye kuyachuja.

Kitu cha kwanza kutazama ni kitenzi cha matokeo. Mtaala hutumia vitenzi kwa makusudi: kutambua, kueleza, kulinganisha, kubaini, kutumia, kutengeneza, kutathmini. Kila kimoja kinadai kitendo chake. Ikiwa matokeo yanasema mwanafunzi alinganishe na kazi inamwambia ataje, kazi haijafika, hata kama mada ni ile ile na jibu ni sahihi. Kosa hili ndilo linaloonekana mara nyingi zaidi katika mazoezi ya kila siku, kwa sababu kutaja ni rahisi kusahihisha, na mwalimu mwenye madaftari 60 mezani ana kila sababu ya kutafuta wepesi.

Uhusiano wa Pythagoras, unaofundishwa katika Hisabati ya gredi ya 7, unaonyesha jambo hili waziwazi. Kwa ufupi, mtaala unataka mwanafunzi atambue pande za pembetatu mraba, aubaini uhusiano uliopo kati yake, na autumie katika hali halisi za maisha. Tuseme kazi ya kwanza ina maswali kumi, kila moja likiwa na pembetatu na pande mbili zilizopimwa: 6 na 8, 5 na 12, 9 na 12. Mwanafunzi atafute upande wa tatu. Maswali matatu ya mwanzo yana faida yake, kwa kuwa mkono unahitaji kuzoea. Kuanzia la nne anarudia hatua zile zile bila kufikiri, na akimaliza yote kumi atakuwa hajabaini chochote wala hajagusa hali halisi yoyote. Kazi hiyo imetumikia kipande kidogo cha tokeo moja kati ya matatu.

Kazi ya pili inampa mwanafunzi karatasi yenye vijisanduku, mkasi na maelekezo machache. Anachora pembetatu mraba yenye pande fupi za vijisanduku 3 na 4, kisha anachora mraba juu ya kila upande mfupi na kuhesabu: 9 na 16. Kwenye upande mrefu anakwama, kwa maana mraba wake umekaa mshazari na vijisanduku vya karatasi haviwezi kuhesabika. Inambidi akate kwenye karatasi nyingine mraba wa vijisanduku 25 na kuupachika pale, auone ukikaa sawasawa. Baadaye anajaribu pande 6 na 8, na mwisho anachora pembetatu isiyo na pembe mraba, yenye pande 3, 4 na 6. Mara hii miraba midogo inajumlika kuwa 25, lakini ule mkubwa ni 36. Anaulizwa: ni nini kilichobadilika? Kazi hii inatimiza kitenzi cha kubaini. Mwanafunzi ameuona uhusiano, na ameona pia mahali ambapo haupo, jambo ambalo mazoezi mengi ya kitabuni huliacha.

Mahali hapo pa kukwama pana funzo kwa mkaguzi. Anayeisoma kazi kwa macho tu hawezi kuligundua tatizo la mraba ulio mshazari, ila aliyeishika karatasi na mkasi atalikuta ndani ya dakika tano. Ushauri wa kwanza, basi, kabla ya jedwali lolote la ukaguzi, ni mwalimu aifanye kazi mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa vifaa vile vile watakavyopewa wanafunzi, huku akiandika pembeni kila mahali alipolazimika kufikiri na kila mahali alipofuata maelekezo tu. Orodha hiyo fupi humwonyesha mambo ambayo fomu ndefu haiwezi kumwonyesha.

Kuhusu kutumia uhusiano katika hali halisi, vitabu hupenda ngazi iliyoegemezwa ukutani: ngazi ina urefu wa mita 5, mguu wake uko mita 3 kutoka ukutani, je, imefika juu kiasi gani? Hesabu ni nzuri na jibu ni mita 4, lakini uhalisi wake ni wa jina tu. Hakuna anayepanda ngazi akajiuliza swali hilo. Linganisha na mafundi wa ujenzi wanapopima msingi wa nyumba. Hufunga kamba, wakapima futi 3 upande mmoja na futi 4 upande wa pili, kisha huvuta kipimo kati ya alama hizo mbili, na kikisoma futi 5 kamili hujua kona iko mraba. Kazi inayowatuma wanafunzi kukagua kona za darasa lao au za uwanja wa voliboli kwa njia hiyo ina uhai. Mkaguzi makini atatambua, hata hivyo, kwamba fundi anautumia uhusiano kwa kuugeuza: haanzi na pembe mraba ili apate urefu, anaanza na urefu ili aithibitishe pembe. Hatua hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana, na inafaa kutanguliwa na ile kazi ya karatasi. Kwa kutambua hilo, mwalimu anajua kazi ipi ije kabla ya ipi, na mpangilio wa kazi ni sehemu ya ubora wake.

Jambo la pili la kupima ni kina cha fikra. Walimu wengi wanaijua ngazi ya Benjamin Bloom iliyochapishwa mwaka 1956 na kurekebishwa mwaka 2001, inayopanda kutoka kukumbuka hadi kubuni. Kwa ukaguzi wa kazi, hata hivyo, kuna mgawanyo mwingine uliozaliwa katika madarasa ya umri huu huu. Mary Kay Stein na Margaret Smith, katika mradi wa QUASAR ulioendeshwa katika shule za kati za maeneo maskini ya miji ya Marekani kuanzia mwaka 1989, waligawa kazi za hisabati katika mafungu manne: za kukariri, za kufuata hatua bila kuona maana, za kufuata hatua huku maana ikionekana, na zile ambazo mwanafunzi anafanya hisabati hasa, yaani anatafuta njia asiyoonyeshwa. Mgawanyo huu unafaa hata nje ya Hisabati. Yale maswali kumi yako fungu la pili. Karatasi na mkasi viko fungu la tatu. Kazi ya fungu la nne ingeweza kuwa kuwauliza wanafunzi watafute pembetatu mraba nyingine zenye pande za namba kamili, kisha waeleze walivyozipata.

Isidhaniwe kwamba kila kazi lazima iwe ya fungu la nne. Mwanafunzi asiyejua jedwali la kuzidisha hawezi kufika popote, na kukariri kuna mahali pake. Kasoro huonekana pale wiki nzima, au muhula mzima, unapopita ndani ya mafungu mawili ya kwanza. Kwa hiyo hukumu ya kina haitolewi kwa kazi moja moja. Hutolewa kwa kutandaza mezani kazi zote za mada ndogo na kuangalia zimelala upande gani.

Stein na wenzake waliona pia jambo lingine ambalo kila mkaguzi anapaswa kulijua. Mwaka 1996 walichapisha uchambuzi wa kazi 144 walizozifuatilia kutoka kwenye karatasi hadi mikononi mwa wanafunzi, na wakaonyesha kwamba nyingi zilizoanza zikiwa na kina ziliteremka wakati wa kufanywa. Sababu zake mwalimu wa Kenya anazifahamu vizuri. Mwanafunzi anakwama, mwalimu anamwonea huruma au anaona kengele inakaribia, anamwonyesha hatua zote, na kuanzia hapo kilichobaki ni kunakili. Au darasa zima linashughulika na kupata jibu, na hakuna anayeulizwa amelipataje. Au muda ni mchache mno. Kipindi cha Sekondari Msingi ni dakika 40. Ukitoa dakika za kugawa vifaa na za kukusanya, zinabaki kama 30 za kazi yenyewe. Kazi inayohitaji saa nzima ikibanwa humo, wanafunzi wepesi humaliza na wengine huandika walichokiona kwa jirani.

Kinga ipo, na huwekwa wakati wa kuandaa somo. Katika andalio la somo, kando ya kila hatua ambayo mwanafunzi huenda akakwama, huandikwa swali la kumsukuma mbele bila kumpa jibu. Kwa ile kazi ya karatasi, swali laweza kuwa: mraba huu ungekuwa na vijisanduku vingapi kila upande? Hilo linatosha. Kazi za vikundi nazo zinahitaji kinga yake: wanafunzi sita wakipewa karatasi moja, wawili hufanya na wanne hutazama. Dawa ni kila mmoja awe na sehemu anayoiandika kwa mkono wake kabla kikundi hakijakaa kulinganisha.

Sayansi Jumuishi ina mtihani wake wa namna hii. Katika gredi ya 7 wanafunzi hujifunza asidi, besi na viashiria, na miongoni mwa yanayotarajiwa ni kutayarisha kiashiria kutokana na mimea na kukitumia kuainisha vitu. Shule isiyo na maabara huishia kuchora jedwali ubaoni: limau ni asidi, sabuni ni besi, nakilini. Mwanafunzi aliyenakili jedwali hilo hakutayarisha chochote na hakuainisha chochote. Na haiwezi kusemwa kwamba vifaa havipo. Kabeji ya zambarau moja, ikikatwakatwa na kuchemshwa, hutoa maji ya kutosha darasa zima. Yakichanganywa na limau hugeuka mekundu au ya waridi, na yakichanganywa na maji ya majivu au magadi huelekea kijani. Mwalimu akikosa kabeji ya rangi hiyo, ajaribu petali za maua mekundu yaliyopo uani, na ajaribu yeye kwanza, kwa kuwa si kila ua hufanya kazi vizuri.

Hata hivyo, jaribio lenyewe halitoshi kuifanya kazi iwe nzuri. Wanafunzi wanaweza kudondosha, kutazama rangi na kujaza jedwali bila kufikiri hata kidogo, wakiwa wameburudika sana. Kinachoongeza kina ni kuwapa kimiminika kimoja wasichokijua, wakiainishe na waandike sentensi mbili za kuthibitisha uamuzi wao kwa kurejelea walichokiona. Pia ni wajibu wa mkaguzi kusoma kazi kwa jicho la usalama: hakuna kuonja, na dawa kali za kusafishia choo zisikaribie meza za wanafunzi.

Baada ya kitenzi na kina, huja vigezo vya kutathmini. Mtaala unatumia viwango vinne: kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na kuwa chini ya matarajio. Katika KJSEA kila kiwango kimegawanywa mara mbili, vikawa vinane. Vigezo vinavyosema tu kazi nzuri sana, nzuri, ya wastani na duni havimsaidii mtu, kwa sababu walimu wawili watavisoma kwa namna mbili. Vigezo vizuri hutaja kinachoonekana kwenye kazi. Kwa kile kimiminika kisichojulikana, anayefikia matarajio ameainisha sawasawa na akataja mabadiliko ya rangi kuwa ushahidi. Anayezidi ameongeza ulinganisho na vitu vingine alivyovijaribu, au ameeleza la kufanya rangi isipokuwa bayana. Anayekaribia ameainisha sawasawa bila ushahidi. Aliye chini ya matarajio ameandika jina la kundi ambalo rangi aliyoiona inalikanusha.

Vigezo viandikwe kabla ya kazi kutolewa. Mwalimu akishindwa kueleza kazi ya kufikia matarajio itakavyoonekana, ni ishara kwamba kazi yenyewe haijaeleweka, na ndiyo nafasi ya kuirekebisha. Ajihadhari pia na vigezo vinavyotuza mapambo. Katika insha za Kiswahili ni kawaida kukuta alama zikifuata hati nzuri na methali nyingi, hali matokeo yalitaka mpangilio wa hoja. Methali tano zilizopachikwa mahali pasipo pake ni dalili kwamba hoja hazikupangwa.

Kazi za kupeleka nyumbani zinahitaji ukaguzi wa aina yake. Wazazi wengi wanakumbuka malalamiko ya gredi za chini, ambapo mama alikesha akishona sanamu ya kufukuzia ndege ili mtoto apeleke shuleni asubuhi. Kazi ambayo mzazi ndiye aliyeifanya haipimi kitu kwa mtoto. Aidha, inawatenga watoto kwa mfuko: mwenye nyumba yenye printa na gundi hupata kiwango cha juu, na anayeishi na nyanya yake kijijini hupata cha chini. Kwa hiyo sehemu inayopimwa ifanyiwe darasani, na nyumbani watumwe kutafuta taarifa tu: kumhoji jirani, kupima shamba, kuandika bei za sokoni. Vifaa viwe vile ambavyo mwanafunzi maskini kuliko wote darasani anaweza kuvipata bila aibu.

Lugha ya kazi nayo ni ya kukaguliwa. Masomo mengi ya Sekondari Msingi huulizwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi anaweza kushindwa swali la Pythagoras kwa kutoelewa sentensi ya swali huku hesabu akiijua. Njia nyepesi ya kupima ni kumwomba mwanafunzi mmoja wa kiwango cha kati asome maelekezo na kusema kwa maneno yake anatakiwa afanye nini. Akikosea, sentensi ndiyo ifupishwe. Kwa wanafunzi wenye mahitaji maalum, kitenzi kibaki kile kile na kibadilike chombo: asiyeona vizuri apapase miraba iliyokatwa kwenye kadibodi, mwenye ugumu wa kuandika ajibu kwa mdomo.

Hukumu ya mwisho hutoka kwenye madaftari. Kazi iliyopita vipimo vyote kwenye karatasi bado inaweza kufeli mikononi mwa wanafunzi, na hilo halijulikani mpaka kazi zao zisomwe kwa pamoja. Utaratibu unaofaa ni huu: walimu watatu au wanne, hata wakiwa wa masomo tofauti, huchukua kazi kumi na mbili zilizofichwa majina, kila mmoja huzipanga kimya katika mafungu manne ya viwango, kisha hulinganisha. Pale wanapotofautiana ndipo penye faida. Mara nyingi inaonekana kwamba vigezo vilikuwa na neno lenye utata, au kazi iliruhusu jibu sahihi bila fikra iliyokusudiwa. Kama kazi zote kumi na mbili zinafanana neno kwa neno, wanafunzi walinakili, au mwalimu aliwaongoza kupita kiasi. Kama karibu wote wamekwama mahali pamoja, kasoro ya kazi itafutwe kwanza kabla ya kulaumu wanafunzi.

Mazoea haya ndiyo yanayomweka tayari mwalimu kwa tathmini za shuleni za gredi ya 7 na ya 8. Baraza la Mitihani la Kitaifa Kenya (KNEC) hutoa zana za tathmini hizo, lakini wanaozisahihisha ni walimu wa shule, na alama zao zinakuwa za haki iwapo tu wanakisoma kigezo kwa jicho moja.

Kazi iliyokutwa na upungufu haitupwi ovyo. Nyingi huponywa kwa mguso mdogo. Inayoanza na "taja" huongezewa "kisha chagua kimoja na ueleze kwa nini kinafaa zaidi shuleni kwetu." Maswali kumi yanayofanana hupunguzwa yakawa matatu, na la nne linampa mwanafunzi jibu lenye kosa alitafute na kulisahihisha. Jedwali lililojazwa tayari huachwa wazi safu moja. Maelekezo ya hatua nane hukatwa hadi nne, ili hatua zilizoondolewa azitafute mwanafunzi mwenyewe. Kazi ambayo haina uhusiano na tokeo lolote, hata iwe ya kupendeza namna gani, iachwe, kwa sababu inakula kipindi cha kazi nyingine.

Mabadiliko hayo yaandikwe siku ile ile, pembezoni mwa maazimio ya kazi: tarehe, kilichopunguzwa, mahali walipokwama, dakika zilizotumika, na swali lililowasaidia kusonga. Mwalimu atakayelipokea darasa lile mwaka unaofuata, hasa akiwa hakulisomea somo hilo, atahitaji zaidi mistari hiyo mitano kuliko ukurasa wowote wa kitabu.